Kisima cha Kikambala Kinachofuata Bahari

Kutoka kisimani bahari haionekani. Katikati pana nyumba, minazi, kuta za mawe ya matumbawe na njia ya vumbi. Lakini bahari ikijaa, maji ya kisima hupanda, na ikipwa hushuka. Hayapandi papo hapo. Huchelewa, na kadiri kisima kilivyo mbali na ufuo ndivyo yanavyozidi kuchelewa na kupanda kidogo. Ukutani imebaki mistari miwili ya unyevu, wa juu na wa chini, na kati yake ukoga wa kijani. Tangu nioneshwe mistari ile, sijaacha kuiwaza.

Aliyenionesha ni mzee anayechimba visima. Jina lake nalihifadhi, kwani wateja wake ni wenye majumba ya ufuoni, na maneno yake yanawagusa. Kazi yake huenda na mwezi. Husubiri bamvua, mwezi unapoandama au unapopevuka, bahari inapokupwa sana, ndipo ashuke na sururu na mtaimbo. Akichimba siku za maji mafu, aeleza, maji atakayoyakuta yatatoweka bamvua likirudi. Akiyafikia huongeza kina kidogo tu, kiasi cha ndoo kuzama, kisha huacha. Mwenye nyumba humsihi aendelee, naye hukataa. Chini ya maji matamu, asema, yuko mwenyewe.

Mwenyewe ni bahari. Mvua ya Kikambala hupenya kwenye jiwe lenye matundu na kuelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni nyepesi zaidi. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa imebebwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Hesabu hiyo hugeuka pampu inapovuta: ukiyashusha kwa nusu mita, chumvi yaweza kupanda hadi mita 20. Na sehemu 2 tu za maji ya bahari katika 100 zatosha kumfanya mtu ateme.

Mtambo hauonji, asema mzee. Mtu wa ndoo akionja chumvi hupumzisha kisima. Pampu ya hoteli au ya fleti huvuta usiku kucha. Halafu kuna mashimo ya vyoo, yaliyochimbwa katika jiwe lile lile, mara nyingi na mafundi wale wale. Anayajua yalipo. Hakuna ofisi iliyowahi kumuuliza.

Sheria si haba. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na kupwa ni ya umma. Kanuni za upimaji za 1994 zinataka, kwa kawaida, ukanda wa mita 60 uachwe juu ya alama ya maji kujaa ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe. Kibali cha kisima kirefu hutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, maji taka husimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, ruhusa ya kujenga hutolewa na Kaunti ya Kilifi. Kila ofisi ina faili lake, na jiwe ni moja.

Hapo jirani, Kuruwitu, wavuvi walijifungia sehemu ya bahari yao mwaka 2005, na samaki wakarudi. Walichokilinda kinaonekana kwa macho. Maji ya chini utayawekea boya wapi? Fleti zinapoidhinishwa, nani hujumlisha pampu zote za mtaa? Na kisima cha mama jirani kikiingia chumvi, amshitaki nani?

Bunge la Kaunti ya Kilifi lina uwezo wa kuanza na jambo dogo. Kabla ya jengo jingine la ufuoni kuidhinishwa, ramani moja ioneshe visima na mashimo yote yaliyo karibu, na maji ya majirani yapimwe chumvi wakati wa kiangazi cha kaskazi, majibu yabandikwe ofisi ya wadi. Wachimbaji waitwe waichore ramani hiyo wangali hai.