Utafiti wa kiharusi na ufike vijijini

Katika miji na vijiji vinavyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Kerugoya, Embu na Meru, neno "presha" limezoeleka mno. Hutajwa sokoni, hutajwa mazishini. Mzee aliyekuwa akipogoa kahawa asubuhi huanguka adhuhuri, mdomo umempinda, mkono mmoja umelegea, ulimi umekuwa mzito. Jamaa humlaza kitandani wakitumai kwamba usingizi utamrejeshea nguvu. Wako wanaofikishwa hospitalini siku ya tatu. Wako pia wasiofikishwa kamwe. Huyu asiyefikishwa ndiye ninayetaka tumtafakari leo, maana hayumo katika daftari la hospitali yoyote, na utafiti mwingi wa maradhi ya ubongo haumjui.

Kwanza tukumbushane kiharusi ni nini. Ubongo ni sehemu ndogo ya mwili, yapata asilimia 2 ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Mshipa unaoulisha ukizibwa na bonge la damu iliyoganda, sehemu inayoutegemea huanza kufa. Mshipa ukipasuka, damu humwagika na kuubana ubongo. Kwa macho matupu aina hizi mbili hufanana. Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria kwamba mshipa mkubwa unapozibwa, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Elimu ya kutibu kiharusi imepiga hatua kubwa. Desemba 1995 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ikitolewa ndani ya saa tatu, humwongezea mgonjwa matumaini ya kuepuka ulemavu mkubwa. Mwaka 2008 wenzao wa Ulaya waliusogeza mpaka huo hadi saa nne na nusu. Mwaka 2015 majaribio kadhaa yalithibitisha manufaa ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa na kulivuta nje bonge lenyewe. Haya ni mambo ya kupigiwa makofi. Hata hivyo, dawa ile haitolewi kabla ya mgonjwa kupigwa picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu akipewa mtu aliyepasukiwa na mshipa yaweza kumwua.

Sasa hebu tuipime saa hiyo kwa mwendo wa milimani. Mgonjwa abebwe kutoka shambani hadi barabarani, gari litafutwe, zahanati imwone na kumtuma mbele, hospitali yenye mashine ya picha ipatikane, na kama ni lazima kwenda Nairobi, kutoka Nyeri pana kilomita zipatazo 150. Katika safari hiyo saa nne na nusu huisha upesi. Kwa hiyo tiba iliyo bora ughaibuni yaweza kubaki hadithi kwa mkulima wa Mathira au Mukurwe-ini. Swali linalotuhusu zaidi ni hili: watu wetu wangapi hupatwa na kiharusi, ni akina nani, na ni jambo gani lingekizuia kabla hakijatokea?

Swali hilo hujibika, na jirani zetu wamekwisha kutuonyesha njia. Wilaya ya Hai nchini Tanzania imekaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kama sisi, watu wake ni wakulima wa kahawa na migomba. Kati ya 1992 na 1995 Wizara ya Afya ya Tanzania na watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwahesabu watu nyumba kwa nyumba huko Hai, na vilevile katika sehemu za Dar es Salaam na Morogoro. Kila kilipotokea kifo, mhoji aliyefunzwa aliwaendea jamaa za marehemu na kuwauliza dalili alizokuwa nazo. Aliyefia nyumbani alihesabiwa sawa na aliyefia wodini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashtua wengi. Miongoni mwa wanaume wa Hai wenye umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua watu 44 kwa mwaka katika kila 100,000. Huko Uingereza na Wales mwaka 1993 idadi hiyo ilikuwa chini ya 11. Waliodhani kwamba kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu matajiri walipata jibu lao.

Watafiti hawakukomea hapo. Kuanzia 2003 hadi 2006, chini ya uongozi wa Profesa Richard Walker, walirudi kuwatafuta waliopatwa na kiharusi, wazima na waliokufa. Waliwapata 636 huko Hai na Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, wapya walikuwa kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Maisha ya mjini yalikuwa yamekwisha kutoza ushuru wake.

Je, miji yetu inayokua, kama Nyeri, Nanyuki na Meru, imo upande wa Hai au upande wa Dar es Salaam? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban Mkenya mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Desemba 2018 Nyeri ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizoteuliwa kujaribu mpango wa afya kwa wote, na sababu iliyotolewa ni wingi wa maradhi yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu. Serikali yenyewe ilikiri kwamba mzigo upo. Kinachotakiwa ni kuupima mzigo huo kijiji kwa kijiji, mwaka hadi mwaka.

Wapo watakaopinga. Watasema fedha za kuhesabu wagonjwa zingenunua dawa. Nawaheshimu, lakini nauliza: dawa ngapi, zipelekwe wapi, na kwa ajili ya nani? Anayenunua bila kujua mahitaji hujaza ghala moja na kuliacha jingine tupu. Wengine watasema wamechoka kufanywa vyombo vya majaribio. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni masharti makali: mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, atoe ridhaa bila kushurutishwa, awe na uhuru wa kujitoa, na matokeo yarejeshwe barazani kabla ya kupelekwa kwenye mikutano ya kigeni. Kadhalika, mhoji akigundua mtu mwenye presha ya kutisha, asiandike tu na kuondoka, ampeleke akatibiwe.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Hospitali ya rufaa ya Nyeri ipo, Tumutumu na Chogoria zipo, na kila moja ina daftari lake. Madaftari hayo yakiunganishwa, hatua ya kwanza imepigwa. Septemba 2023 serikali ilizindua jeshi la wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, na katika mikoba yao mna kipimo cha presha. Hiyo ndiyo miguu ya kufika nyumba kwa nyumba.

Na nyinyi walimu na wanafunzi mna nafasi yenu. Huko Kilifi, watafiti wa kifafa walibaini kwamba wengi wa wenye maradhi hayo hawakuwa wakipata matibabu, na imani kuhusu chanzo chake ilikuwa mojawapo ya vizuizi. Imani hubadilika darasani. Mwanafunzi anayejua kwamba uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu na maneno kukoroga ni dalili za dharura atawazuia wakubwa wake wasimlaze babu kusubiri usingizi. Mwanafunzi wa hisabati anayejifunza asilimia kwa hesabu za kijiji chake ndiye mtafiti wa kesho. Mwalimu naye aanze kwa nafsi yake: apimwe presha muhula huu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Presha ndiyo ufa. Kiharusi ndio ukuta ulioanguka. Magavana wa kaunti za Mlima Kenya wakutane na taasisi ya KEMRI na vyuo vyetu, watenge eneo moja la kuanzia, na waanze kuhesabu. Mzee aliyeanguka kwenye mikahawa anastahili, angaa, kujulikana kwamba alianguka.