Kupunguza Kelele za Honi za Gari la Moshi

Katika Marekani iko miji mingi midogo iliyojengwa kandokando ya reli. Reli hukata barabara za mji, na kila gari la moshi likaribiapo makutano hayo, dereva wake hana budi kupiga honi: milio miwili mirefu, mmoja mfupi, kisha mmoja mrefu. Sheria yataka aanze sekunde 15 hata 20 kabla ya kufika, na nguvu ya mlio, ukipimwa futi 100 mbele ya gari, isipungue desibeli 96 wala isizidi 110. Magari yakipita usiku kucha, mgonjwa hapati raha wala mtoto hapati usingizi. Basi wenyeji huuliza: Je, hatuwezi kuinyamazisha honi?

Swali hili si jepesi, kwa maana honi haikuwekwa ili kuwaudhi watu. Gari la moshi lenye mzigo mzito na mwendo mkali laweza kwenda maili moja au zaidi tangu breki kukazwa hata lisimame, wala haliwezi kuepa kando. Kwa hiyo apitaye barabarani hana budi kuonywa mapema.

Watu wa Florida walilijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1984 sheria ya jimbo iliruhusu kukataza honi za usiku, tangu saa nne hata saa kumi na mbili asubuhi, kwenye makutano yenye taa, kengele na vizuizi. Watu wakalala kwa utulivu. Lakini ajali za usiku zikaongezeka, zikakaribia mara tatu ya zile za kwanza. Mwaka 1991 serikali kuu ikaamuru honi zirudishwe, nazo ajali zikapungua.

Kwa nini vizuizi havikutosha? Vizuizi vya kawaida hufunga nusu ya barabara tu, yaani upande wa kuingilia. Mwenye haraka huvizunguka kwa upande wa pili.

Ndipo sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005 ikaweka njia ya katikati. Mji utakao kimya sharti kwanza uiondoe hatari ambayo honi ilikuwa ikiizuia. Kwanza, waweza kuifunga barabara isiyo na faida kubwa. Pili, waweza kuweka vizuizi vinne, pande zote zifungwe. Tatu, waweza kujenga ukingo katikati ya barabara, ili motokaa isiweze kuvizunguka vizuizi. Tena iko honi isimamishwayo penye makutano yenyewe, ikiwaelekea wapitao barabarani. Hii hulia badala ya ile ya gari la moshi, na sauti yake haienei mji mzima.

Sehemu ya kimya yapasa kuwa na urefu wa nusu maili au zaidi. Hata humo dereva anayo ruhusa ya kupiga honi aonapo mtu, mnyama au motokaa relini.

Basi tujifunze neno moja hapa: atakaye kuondoa kelele na aulize kwanza kelele hiyo yafanya kazi gani, kisha aweke kitu kingine cha kuifanya kazi hiyo. Nasi sote, tufikapo penye reli, tusimame, tutazame kulia na kushoto, tusikilize, ndipo tuvuke.