Kukwama kwa usasishaji wa programu dhibiti kwenye risiva ya sauti

Kukwama kwa usasishaji wa programu dhibiti ni hali ambapo kifaa cha elektroniki kinaanza kubadilisha programu yake ya ndani lakini hakimalizi, na hakiwezi kurudi katika kazi yake ya kawaida. Makala hii inahusu hasa risiva ya sauti ya nyumbani, yaani kifaa kinachounganisha redio, amplifaya na kichagua vyanzo vya sauti na picha katika kasha moja. Risiva ya aina hii si sawa na king'amuzi cha televisheni, ingawa katika Afrika Mashariki neno "risiva" hutumika kwa vyote viwili.

Risiva iliyokwama huonyesha ujumbe wa kusasisha kwenye kioo chake cha mbele kwa muda mrefu bila mabadiliko, au hujizima na kujiwasha mfululizo, au huwasha taa inayomweka bila kutoa sauti. Mara nyingi vitufe na rimoti havifanyi kazi. Hali hiyo haimaanishi kwamba kifaa kimeungua. Katika matukio mengi sehemu za umeme ni nzima na kilichoharibika ni maandishi ndani ya chipu ya kumbukumbu. Hata hivyo, hatua za haraka zisizo sahihi zinaweza kugeuza tatizo dogo kuwa hasara ya kifaa kizima.

Historia

Dhana ya programu dhibiti ilipewa jina lake na Ascher Opler mwaka 1967, katika makala ya jarida la Datamation. Mwanzoni programu za namna hiyo ziliandikwa katika chipu ambazo hazikuweza kubadilishwa baada ya kutoka kiwandani. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alitoa chipu ya EPROM, ambayo iliweza kufutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia kidirisha kidogo cha kioo na kuandikwa upya. Kazi hiyo ilihitaji fundi, vifaa maalumu na kuitoa chipu mahali pake.

Mabadiliko makubwa yalikuja na kumbukumbu ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba nchini Japani na kutangazwa mwaka 1984. Kumbukumbu hiyo hufutwa na kuandikwa kwa umeme bila kuondolewa kwenye bodi. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweza kuwaruhusu wanunuzi kusasisha vifaa wakiwa nyumbani, kwanza kwa diski na flashi za USB, baadaye kupitia intaneti. Uhuru huo ulikuja na hatari yake, kwani kazi iliyokuwa ya fundi sasa ilifanywa sebuleni, mahali ambapo umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Sababu za kiufundi

Ili kuelewa kwa nini kifaa hukwama, ni lazima kujua jinsi kumbukumbu ya flashi inavyoandikwa. Chipu hiyo haibadilishi herufi mojamoja kama mtu anayesahihisha daftari kwa kalamu ya risasi. Hufuta kwanza sehemu nzima, kisha huandika maandishi mapya katika nafasi iliyo tupu. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika kuna muda ambapo programu ya zamani haipo tena na mpya haijakamilika. Umeme ukikatika katika muda huo, kifaa hubaki na nusu ya programu.

Watengenezaji hulijua jambo hilo. Kwa hiyo huweka katika sehemu ya kumbukumbu isiyoguswa programu ndogo ya kuanzishia, ambayo mafundi huiita butiloda. Kifaa kinapowashwa, butiloda huamka kwanza na kukagua programu kuu kwa hesabu maalumu ya uhakiki. Hesabu ikikubali, huikabidhi kazi. Ikikataa, butiloda hubaki katika hali ya kusasisha na kusubiri faili nzima. Kwa maana hiyo, risiva "iliyokwama" mara nyingi inafanya kile ilichoagizwa: inakataa kuendesha programu mbovu na kusubiri iliyo nzima.

Risiva ina ugumu wa ziada kwa kuwa haina chipu moja tu. Kuna kidhibiti kikuu cha vitufe na kioo, kuna chipu ya kuchakata sauti, kuna sehemu ya HDMI, na kuna moduli ya mtandao. Kila moja inaweza kuwa na programu yake, na husasishwa kwa zamu. Ikiwa moduli ya mtandao imepata toleo jipya lakini kidhibiti kikuu kimebaki na la zamani, sehemu hizo mbili zinaweza kushindwa kuelewana.

Sababu za kawaida za kukwama ni hizi:

• Kukatika kwa umeme, au kushuka kwa volti, wakati wa kuandika.
• Intaneti dhaifu, au bando kuisha kabla faili haijapakuliwa yote.
• Faili isiyo ya modeli husika, au iliyoharibika wakati wa kupakuliwa.
• Flashi ya USB yenye mfumo wa faili usiosomeka na kifaa.
• Flashi yenye faili ya sasisho kuachwa imechomekwa, hivyo baadhi ya vifaa kurudia kuingia katika hali ya kusasisha kila vinapowashwa.
• Kitufe cha mbele kilichobonyea kwa uchafu au kuchakaa, kwa kuwa vifaa vingi huingia hali ya huduma kitufe fulani kinaposhikiliwa wakati wa kuwasha.
• Kasoro katika sasisho lenyewe.

Kutofautisha kukwama na kuchelewa

Kosa linaloharibu vifaa vingi ni kuchomoa plagi mapema. Usasishaji wa risiva unaweza kuchukua kuanzia dakika chache hadi zaidi ya saa moja, kutegemea modeli na kasi ya mtandao. Katika muda huo kioo kinaweza kuzimika, asilimia inaweza kusimama mahali pamoja, na kifaa kinaweza kujiwasha upya mara kadhaa. Yote hayo ni kawaida pale zamu inapopita kutoka chipu moja hadi nyingine.

Kanuni salama ni kusubiri hadi muda uliotajwa katika kitabu cha maelekezo upite, kisha kuongeza kama saa moja. Ikiwa kioo hakijabadilika hata kidogo katika muda wote huo, ndipo inapofaa kuhesabu kwamba kifaa kimekwama. Ujumbe wa kosa ukitokea uandikwe au upigwe picha, kwa sababu namba zake humwonyesha fundi ni chipu ipi iliyoshindwa.

Hatua za kukwamua

Hatua hufuatwa kutoka iliyo nyepesi hadi iliyo nzito. Hakuna sababu ya kuanza na bisibisi.

1. Kuondoa vyote vilivyounganishwa. Flashi ya USB, waya wa mtandao, waya za HDMI na za spika huchomolewa. Wakati mwingine kifaa kingine, kama televisheni, hutuma amri kupitia HDMI na kuivuruga risiva inapoamka.

2. Kukata umeme kabisa. Kubonyeza kitufe cha kuzima hakutoshi, kwa kuwa katika hali ya kusubiri kidhibiti huendelea kupata umeme. Plagi hutolewa kwenye soketi kwa dakika kumi au zaidi ili chaji iliyobaki iishe, kisha hurudishwa moja kwa moja ukutani.

3. Kukagua vitufe. Kila kitufe cha mbele hubonyezwa na kuachwa mara kadhaa kabla ya kuwasha, ili kuhakikisha hakuna kilichoshikana.

4. Kurudia sasisho kwa njia ya kifaa chenyewe. Kwenye risiva nyingi za Denon, usasishaji ukishindwa, kushikilia kitufe cha kuwasha cha mbele kwa zaidi ya sekunde tano huleta ujumbe "Update Retry" na kazi huendelea pale ilipokatikia. Kwenye risiva nyingi za Yamaha, kushikilia kitufe kilichoandikwa STRAIGHT huku kitufe cha kuwasha kikibonyezwa hufungua menyu ya ndani yenye vipengele vya UPDATE na INIT. Modeli hutofautiana, hivyo kitabu cha maelekezo cha modeli husika ndicho mwongozo wa mwisho.

5. Kubadilisha njia ya mtandao. Ikiwa Wi-Fi ilitumika, waya kutoka kwenye ruta huwa imara zaidi. Ruta yenyewe huzimwa na kuwashwa kwanza.

6. Kutumia flashi ya USB. Njia hii huondoa utegemezi wa mtandao. Faili hupakuliwa kwa kompyuta kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji. Namba ya modeli hulinganishwa herufi kwa herufi na ile iliyo nyuma ya kifaa, kwa kuwa modeli za Ulaya, Asia na Marekani zinaweza kuwa na programu tofauti. Faili iliyobanwa hufunguliwa kwanza. Flashi huandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao husomwa na vifaa vingi, na faili huwekwa peke yake nje ya folda yoyote, bila kubadilishwa jina, isipokuwa maelekezo yaseme vingine.

7. Kurudisha mipangilio ya kiwandani. Hatua hii hufuta vituo vya redio na vipimo vya spika. Inafaa ikiwa tatizo liko katika mipangilio. Wengi hudhani kwamba inarudisha pia programu ya zamani, lakini sivyo: katika risiva nyingi programu dhibiti hubaki jinsi ilivyo.

Risiva ikikwamuka, inafaa kuthibitisha namba ya toleo katika menyu na kujaribu kila chanzo cha sauti kabla ya kuiona imepona.

Kazi ya fundi

Ikiwa butiloda yenyewe imeharibika, hakuna kitufe kitakachosaidia. Hapo fundi hutumia pini za huduma zilizo kwenye bodi, kwa mfano zile za JTAG, njia iliyowekewa viwango vya kimataifa mwaka 1990, au huunganisha kifaa cha kuandikia moja kwa moja kwenye chipu ya kumbukumbu. Njia nyingine ni kubadilisha bodi nzima ya kidijitali, ambayo kwa risiva ya zamani inaweza kugharimu zaidi ya thamani ya kifaa.

Kufungua kasha bila ujuzi ni hatari kwa uhai. Kapasita kubwa za risiva hubaki na chaji baada ya plagi kutolewa. Kwenye vifaa vinavyogeuza umeme wa ukutani wa volti 230 moja kwa moja, kapasita ya kwanza hufikia takriban volti 325, kwa kuwa kilele cha umeme wa mkondo geu ni mara 1.41 ya kiwango kinachotajwa.

Sasisho lililo na kasoro

Si kila tatizo husababishwa na mtumiaji. Mnamo Juni 2020 vicheza Blu-ray na baadhi ya mifumo ya sinema ya nyumbani ya Samsung vilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma katika nchi mbalimbali. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa faili ndogo ya XML kutoka kwenye seva, ambayo kifaa kiliisoma mapema kila kilipowaka, hivyo mtumiaji hakupata nafasi ya kurekebisha. Mwaka 2025 baadhi ya spika za HW-Q990D za kampuni hiyohiyo ziliacha kufanya kazi baada ya kupokea sasisho lenye hitilafu. Katika matukio yote mawili kampuni ilitoa huduma ya matengenezo bila malipo.

Matukio hayo yanaonyesha kwamba kabla ya kulipia ukarabati, mwenye kifaa anapaswa kuuliza kwa mtengenezaji au wakala wake kama hitilafu hiyo imewapata wengine. Risiti ya ununuzi na namba ya kifaa hurahisisha madai hayo.

Kuzuia

Kinga huanzia kwenye umeme. Mahali penye mgao au kukatika mara kwa mara, usasishaji hufanywa kwa UPS au inveta yenye betri. Stabilaiza husaidia dhidi ya volti zinazopanda na kushuka, lakini haina akiba ya umeme na haiokoi kifaa umeme ukikatika. Nchini Tanzania na Kenya, ambako nyumba nyingi hutumia mita za malipo ya kabla, salio la umeme huangaliwa kabla ya kuanza, kwani uniti zikiisha katikati ya kazi matokeo ni yaleyale ya kukatika kwa umeme. Vilevile salio la bando huhakikishwa.

Risiva zilizotumika zinazotoka Marekani hudai uangalifu zaidi. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 120, na kuzichomeka kwenye umeme wa Afrika Mashariki wa volti 230 hadi 240 bila transfoma huziunguza. Kuungua huko hakurekebishiki kwa sasisho lolote.

Mwisho, inafaa kusoma maelezo ya toleo jipya kabla ya kulikubali. Risiva inayofanya kazi vizuri na isiyohitaji kipengele kipya haina haraka. Hata hivyo, kifaa kilichounganishwa na intaneti hakifai kuachwa bila masasisho ya usalama kwa miaka mingi. Kusubiri wiki chache baada ya sasisho kutolewa huwapa watengenezaji nafasi ya kugundua kasoro kubwa na kuliondoa.

Tazama pia

• Amplifaya
• Kumbukumbu ya kompyuta
• Programu ya kompyuta
• Redio
• Spika