Besi Inatoka Kwenye Boksi: Tulivyojenga Sabufa ya Klabu

Wanaohudhuria shughuli za klabu yetu wanalijua tatizo. Spika mbili ndogo za ukumbini zinamtoa mwimbaji vizuri, lakini gitaa la besi halisikiki. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa hilo hutetema kama mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41, na spika ndogo haifiki huko. Rumba ikipigwa hivyo inabaki nusu. Kukodi sabufa kila muhula nako kulikuwa kunakula ada za wanachama. Tukaamua kujenga yetu, na tukawekeana sharti moja: kazi yote, tangu kupima hadi kuunganisha waya, ifanyike kwa Kiswahili.

Sharti hilo ndilo lililotufikisha kwa mjomba wa mwenzetu mmoja, fundi redio wa miaka mingi huko Mombasa. Wengi wetu hapa Uingereza Kiswahili tumekipata jikoni na sebuleni. Tunajua kuamkia, kuomba chai na kuelewa tukigombezwa. Msumeno, msasa, bisibisi na futi kamba hatukuwahi kuvihitaji. Tulimpigia simu, tukamwamkia, tukamuuliza tununue spika ya wati ngapi.

"Marahaba, wanangu," alijibu. "Wati wacheni kwanza. Boksi lenu litakuwa la lita ngapi?"

Swali hilo ndilo msingi wa kazi nzima. Spika inaposukuma hewa mbele, upande wake wa nyuma unaivuta. Kwa sauti nzito, mawimbi hayo mawili huzungukana na kufutana. Ndiyo maana spika ya bei kubwa ikiwa nje ya boksi hutoa besi dhaifu. Boksi hulifungia wimbi la nyuma, na hewa iliyomo hufanya kazi kama springi inayoirudisha spika mahali pake. Yako pia maboksi yenye tundu, ambayo huvuma zaidi kwa kiasi kilekile cha umeme, lakini upana na urefu wa tundu lake lazima upigiwe hesabu kwa makini. Sisi tulichagua boksi lililofungwa kabisa, maana ni rahisi kulijenga.

Karatasi iliyokuja na spika yetu ya inchi 12 ilitaka lita 33 hivi. Tuliamua boksi liwe na sentimita 40 kwa 40 kwa 30 kwa nje. Ukizidisha vipimo hivyo unapata lita 48, lakini spika haiishi nje. Ubao wa MDF tulioutumia una unene wa milimita 18, na kila kipimo hupungua kwa unene wa mbao mbili. Kwa ndani zinabaki sentimita 36.4 kwa 36.4 kwa 26.4, sawa na lita 35. Toa lita 2 zinazochukuliwa na spika yenyewe na vipande vya kuimarisha kona, unafika 33.

Vipande ni sita: viwili vya 40 kwa 40 kwa mbele na nyuma, viwili vya 40 kwa 26.4 kwa juu na chini, na viwili vya 36.4 kwa 26.4 kwa pembeni. Tulikata nje, wote tumevaa barakoa, kwa sababu vumbi la MDF ni jembamba na lina madhara kwa mapafu. Tuliunga kwa gundi na skrubu, kisha tukaziba kila kiungo kwa silikoni. Mahali hewa inapovuja, besi inavuja pia.

Zikabaki waya, na hapa ndipo pesa za klabu zingeweza kuungua. Spika yetu ina koili mbili, kila moja ya omu 2. Ukiziunganisha sambamba unapata omu 1. Ukiziunganisha kwa mfuatano unapata omu 4. Amplifaya yetu haikubali chini ya omu 4. Ikipewa omu 1, inavutwa umeme mwingi kuliko inavyohimili, inapata moto, na inaweza kuungua. Kwa hiyo chanya ya amplifaya iliingia chanya ya koili ya kwanza, hasi ya koili hiyo ikaenda chanya ya pili, na hasi ya pili ikarudi kwenye amplifaya. Koili moja ikigeuzwa, zitavutana na besi itapotea.

Kabla ya kuwasha, mjomba alitufundisha jaribio moja. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya kwa nukta moja tu, chanya kwa chanya. Spika ikisogea mbele, umepatia. Yetu ilisogea mbele.

Wenzetu wa bwenini wasiwe na hofu: sabufa haitatoka ukumbini. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na ukuta wa chumba hauwezi kulizuia.

Boksi sasa liko stoo, nanyi walimu pia mnakaribishwa kuliazima. Mgongoni tumebandika karatasi kwa Kiswahili: "Lita 33. Omu 4. Chanya kwa chanya. Ukilisogeza kwenye kona besi itaongezeka, basi punguza sauti kwanza."