Usikizano wa Matoleo katika Hifadhidata Zilizosambazwa

Lugha za tarakilishi hazijapata nafasi kubwa katika majadiliano ya wanaisimu wetu, huenda kwa sababu hudhaniwa kuwa ni mali ya wahandisi peke yao. Makala hii inakusudia kueleza tatizo moja la wahandisi hao ambalo, kwa maoni yetu, ni tatizo la lugha hasa: jinsi programu ya toleo jipya inavyoweza kuzungumza na ile ya toleo la zamani pasipo habari kupotoka njiani. Mfano wetu ni Elasticsearch, programu ya kuhifadhi na kupekua matini, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2010.

Hifadhidata ya namna hii haikai katika tarakilishi moja. Hukaa katika kundi la tarakilishi, kila moja ikishika vipande kadhaa vya data, na kila kipande kikiwa na nakala mahali pengine ili moja ikizimika kazi isisimame. Tarakilishi hizo hupelekeana ujumbe saa zote. Inapofika siku ya kubadilisha toleo, msimamizi ana njia mbili. Aweza kuzima kundi zima, abadilishe kila kitu, kisha aliwashe tena. Na hospitali au benki inayolitegemea itangoja hadi amalize. Au aweza kubadilisha moja baada ya nyingine huku zilizobaki zikiendelea na kazi. Katika muda huo, uwe wa saa moja au wa wiki nzima, kundi huwa na wasemaji wa matoleo mawili. Kwa Elasticsearch njia hii ya pili haikuwezekana baina ya matoleo makuu mpaka mwaka 2017, lilipotoka toleo la 6, ambalo liliweza kusikizana na 5.6.

Tumetumia neno kusikizana kwa makusudi. Istilahi ya Kiingereza ikifasiriwa neno kwa neno hutupa “upatanifu wa nyuma”, nayo haimwambii msomaji ni nyuma ya nini. Usikizano una fadhila ya kubeba maana mbili zinazotakiwa hapa, yaani kusikiana na kukubaliana.

Shida yenyewe inatokana na umbo la ujumbe. Ujumbe wa Elasticsearch ni mfuatano wa baiti usiokuwa na majina ya sehemu zake. Anayepokea hutambua maana ya kila sehemu kwa nafasi yake tu. Wanafunzi wa mofolojia ya Kibantu hawatapata taabu kuielewa hali hii. Tuchukue kitenzi “alisoma”: kiambishi cha nafsi, kiambishi cha wakati, mzizi, kiishio. Tumfikirie msikilizaji aliyefundishwa kuhesabu nafasi hizo nne na si zaidi. Akiletewa “aliyesoma”, atafika nafasi ya tatu na kulichukua “ye” kuwa ndilo mzizi, na yote yafuatayo yatamharibikia. Tarakilishi huharibikiwa zaidi, maana haina muktadha wa kuisaidia kukisia. Sehemu moja ikiongezwa katikati, baiti iliyokuwa herufi yaweza kusomwa kuwa urefu wa neno lijalo, na mpokeaji akangojea neno la mamilioni ya herufi lisilokuwapo. Kwa sababu hiyo programu huangalia, mwisho wa kila ujumbe, kama kuna baiti zilizosalia bila kusomwa. Zikiwapo, ujumbe hukataliwa. Ni heri kukataa kuliko kuelewa visivyo.

Dawa yake huanza katika maamkizi. Tarakilishi mbili zinapounganishwa, ya kwanza haijui mwenzake ni wa toleo gani. Kwa hiyo huamkia kwa umbo la toleo la zamani kabisa inaloruhusiwa kusikizana nalo. Mwenzake hujibu kwa kutaja toleo lake. Tangu hapo zote mbili husema kwa toleo lililo dogo kati ya hayo mawili. Mzigo, basi, humwangukia aliye mpya: yeye ndiye anayejua lugha mbili. Ndani ya programu, kila mahali palipoongezwa sehemu huwekwa sharti: kama mwenzangu ni wa toleo hili au la baadaye, niiandike sehemu hii, la sivyo, niiache. Na upande wa kusoma sharti ni hilo hilo. Likitofautiana hata kwa nambari moja, tunarudi kwa msikilizaji wetu wa “aliyesoma”.

Masharti haya hujilimbikiza, na hayawezi kubebwa milele. Hivyo wahandisi waliweka mpaka: toleo kuu husikizana na toleo dogo la mwisho la lile lililotangulia. Anayetaka kuingia katika toleo la 8 kwa njia ya pole pole hana budi kwanza kufika 7.17. Mwaka 2023 walikwenda mbali zaidi, wakaitenga nambari ya lugha ya mawasiliano na nambari ya toleo inayoonekana na watumiaji, kwa kuwa mambo hayo mawili hayabadiliki kwa mwendo mmoja. Twaona uamuzi huo ulichelewa.

Usikizano huu, hata hivyo, si wa pande mbili zilizo sawa. Tarakilishi mpya yaweza kujiunga na kundi linaloongozwa na ya zamani, lakini ya zamani haina hakika ya kupokewa na kiongozi mpya. Ndiyo maana zinazostahiki uongozi hubadilishwa mwisho. Hali kadhalika, kipande cha asili kikishahamia katika tarakilishi mpya, nakala yake haiwekwi katika ya zamani, kwa kuwa ya zamani haiwezi kuyasoma maandishi mapya ya diskini. Na huko diskini kuna mpaka mwingine: data iliyoundwa katika toleo la 5 haifunguki katika la 7, isipokuwa iwe imeandikwa upya lilipokuwa bado linatumika toleo la 6.