Je, chaja ya kasi inaharibu simu?



Swali hili linaulizwa sana na familia zilizofika karibuni: hizi chaja za hapa zinazojaza simu kwa muda mfupi, je, haziui betri? Ukiwa umezoea kuchaji usiku kucha kwa chaja ndogo, halafu leo unaona simu imetoka asilimia 10 na kuvuka 50 katika nusu saa, ni haki yako kuwa na wasiwasi. Hapa Qatar simu si ya kupigia soga tu. Ndiyo yenye Metrash ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ndiyo yenye benki, ndiyo inayopokea namba za kuthibitisha kila unapojisajili mahali, na ndiyo inayokukutanisha na mama aliyebaki Nyarugusu au Kakuma. Ikizima, nyumba nzima inakwama.

Jibu ni kwamba chaja ya kasi iliyo halisi haiharibu simu. Vinavyoharibu ni joto na chaja bandia. Na hapa The Pearl, kuanzia Juni hadi Septemba, joto ni la kuliogopa kuliko chaja yoyote.

Simu ndiyo inayoamua

Chaja za zamani zilitoa wati 5, yaani volti 5 kwa ampea 1. Za leo zinaandikwa wati 20, 33, 45, na za kompyuta ndogo zinafika 65 na zaidi. Mtu akiona namba hiyo anafikiri umeme wote huo unasukumwa kwa nguvu ndani ya simu. Sivyo. Chaja ya kasi ni kama mwenye nyumba aliyeandaa sinia kubwa la wali, na simu ni mgeni anayepakuliwa. Ukichomeka waya, vifaa viwili hivi vinazungumza kwanza. Chaja inataja ilicho nacho, labda volti 5 na volti 9, na simu inachagua kinachoifaa. Ikishindwa kuelewana na chaja, inabaki kwenye volti 5 zilezile za zamani. Kwa hiyo simu inayokubali wati 18 ikichomekwa kwenye chaja ya wati 65 itachukua wati 18, basi. Na Tecno au Infinix yako ikikataa kuchaji kwa kasi kwenye chaja ya iPhone, haijaharibika. Vifaa hivyo havijui lugha moja.

Pia utagundua kasi haibaki ileile mwanzo hadi mwisho. Simu inakimbia mwanzoni, kisha ikipita asilimia 80 hivi inajikongoja. Wengine wanadhani chaja imeanza kuchoka. Fikiria daladala kwenye stendi: abiria wa kwanza wanakaa upesi popote, lakini wa mwisho lazima wajipenyeze mmoja mmoja. Betri ya lithiamu inajaa hivyohivyo, na simu inapunguza kasi kwa makusudi ili isilazimishe abiria wa mwisho.

Basi kwa nini watu husema, "Tangu ninunue chaja ya kasi, betri yangu imelegea"? Mara nyingi ni kwa sababu betri ilikuwa inazeeka tu. Kila betri ina umri. Kampuni ya Apple, kwa mfano, inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya kuchaji. Kwa iPhone 15 ni mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, hata ukiigawa kwa siku mbili. Mtu anayemaliza betri nzima kila siku anafika 500 kwa mwaka mmoja na miezi minne au mitano, awe na chaja ya kasi au ya polepole.

Wapo pia wanaokumbuka Samsung Galaxy Note 7 zilizowaka moto mwaka 2016, mpaka ndege zikazipiga marufuku. Uchunguzi ambao Samsung yenyewe iliutangaza Januari 2017 ulikuta kasoro ndani ya betri. Chaja hazikuwa na hatia.

Joto la Doha

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Betri huchakaa haraka ikipata joto, na kuchaji kwa kasi kunaongeza joto lake mwenyewe. Apple inashauri iPhone itumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35. Kiangazi cha Doha hupita nyuzi 45 mchana. Serikali ya Qatar yenyewe, kwa uamuzi wa mwaka 2021, inakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, toka tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Saa ambazo mwanadamu hatakiwi kufanya kazi juani, usiiache simu ifanye kazi hapo ikichajiwa.

Kwa hiyo usichaji kwenye roshani, hata kama mandhari ya bahari ya Porto Arabia yanakuvuta ukae huko. Chaji ndani, kwenye kiyoyozi, juu ya meza au sakafu ngumu. Kitanda, zulia na mto vinafunika joto kama blanketi. Kava nene la mpira nalo likifanya simu iwe moto, livue mpaka ijae.

Dereva na mpeleka mizigo ndio walio hatarini zaidi. Simu iko kwenye dashibodi, jua linapenya kioo cha mbele, ramani imewashwa, na chaja ya gari inasukuma kwa kasi: hayo ni mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Hamisha kishikio cha simu ukibane kwenye tundu la hewa ya kiyoyozi. Kwa bei ya kishikio hicho, hakuna matengenezo ya simu yanayolingana nayo. Simu ikiandika kwamba imepata joto kupita kiasi, chomoa waya, izime, iache kivulini ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji, kwa sababu baridi ya ghafla huleta maji ndani.

Na unyevu je? Tuko kisiwani. Ukitoka kwenye lifti yenye baridi kuingia hewa ya bahari, miwani inaingia ukungu, na simu pia inapata umande huo. Simu ikionya kuwa kuna maji kwenye tundu la kuchajia, subiri pakauke. Msiitie kwenye mchele, jamani. Apple imekataza jambo hilo wazi, kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuharibu simu. Mchele upikwe.

Kazoea ya mgao wa umeme

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha, au ulilipia kibandani chenye sola ili simu ichajiwe. Huko ukipata umeme unajaza mpaka asilimia 100, maana hujui kesho. Hapa umeme upo, na betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa kabisa kwa saa nyingi, wala kuachwa mpaka izime. Kuibakiza kati ya 20 na 80 kunairefushia maisha. Simu nyingi mpya zinaweza kujizuia zenyewe kwenye 80; fungua mipangilio, nenda sehemu ya betri, utafute hapo. Lakini usiwe mtumwa wa namba hizo. Kama unakwenda uwanja wa ndege au hospitali, jaza yote.

Chaja yako ya nyumbani usiitupe. Umeme wa Qatar ni volti 240, karibu sawa na wa Afrika Mashariki. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiwa na "100-240V" inafaa. Soketi ni za matundu matatu bapa kama za Kenya, Uganda na Tanzania. Aliyetoka Kongo au Burundi na plagi ya vijiti viwili vya mviringo anunue kigeuzi. Tafadhali msitumbukize kalamu kwenye tundu la juu ili kuingiza plagi isiyolingana. Matundu ya chini yamewekewa vifuniko ili kuwalinda watoto, na plagi iliyolazimishwa hulegea, hutoa cheche na kuunguza soketi.

Sasa chaja bandia. Mwaka 2016 taasisi ya usalama ya UL ilipima chaja 400 bandia zilizojifanya za Apple. Chaja 397 hazikupita majaribio ya msingi, na 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme. Ndani ya chaja nzuri kuna sehemu inayotenga umeme wa ukutani na waya unaoushika mkononi. Kwenye bandia, sehemu hiyo ndiyo wanayobania gharama. Nje hutaiona, lakini dalili zipo: ni nyepesi mno, maandishi yana makosa, vijiti vinacheza, inatoa mlio au harufu. Dukani ukitaka chaja kwa Kiarabu sema "shahin", na uulize kama ni "asli". Neno hilo utalielewa bila mkalimani. Tafuta pia alama ya nchi za Ghuba yenye herufi G, na udai risiti. Waya nao una kazi: waya uliochunika hadi nyuzi zinaonekana, usiufunge gundi, ununue mwingine.

Mwisho, angalia umbo la simu. Kioo kikianza kuinuka au mgongo ukivimba, betri imejaa gesi. Hapo acha kuchaji siku hiyohiyo, usiibonyeze wala kuitoboa, weka mbali na watoto na upeleke kwa fundi anayeaminika. Ikianza kutoa moshi, toka nje na watoto, funga mlango nyuma yako, na upige 999.