Koa wa Baharini: Kweli Anaishi kwa Jua?

Hebu jiulize: ukifungiwa chumbani miezi kadhaa bila chakula, ila dirisha liko wazi na jua linaingia, utatoka hai? Jibu unalijua. Lakini yupo koa mdogo wa baharini, Elysia chlorotica, anayeweza kukaa miezi mingi bila kula, mradi mwanzoni alishiba vizuri. Anaishi kwenye vinamasi vya maji ya chumvi vya pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada. Umbo lake ni kama jani, na rangi yake ni ya kijani.

Rangi hiyo si yake. Ameiiba.

Chakula chake ni mwani wenye umbo la nyuzi. Koa hutoboa uzi kwa jino lake, kisha hufyonza vilivyomo kama mtoto anavyofyonza juisi kwa mrija. Karibu kila kitu humeng'enywa, isipokuwa kloroplasti, yaani zile chembe za kijani zinazofanya usanisinuru: hutumia mwanga, maji na kabonidioksidi kutengeneza sukari. Hizo huzihifadhi ndani ya seli za mfumo wake wa chakula, ambao matawi yake yametandaa karibu mwili mzima. Watoto hawarithi mali hiyo. Kila mmoja lazima akaibe mwenyewe.

Sasa hapa ndipo penye fumbo. Kloroplasti haijitegemei. Protini nyingi inazohitaji hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni zilizo kwenye kiini cha seli ya mwani, na kiini hicho koa hakukihifadhi. Ni kama kuiba gari bila kuwa na fundi wala vipuri: litatembea, lakini mpaka lini? Mwaka 2008 watafiti walidai kwamba koa huyu ameiba hata jeni za mwani. Uchunguzi wa DNA ya mayai yake, uliochapishwa mwaka 2013, haukupata ushahidi huo.

Na je, ni jua kweli linalomweka hai? Mwaka 2014 watafiti walilipima swali hilo kwa ndugu zake wawili, Elysia timida na Plakobranchus ocellatus. Kwanza walithibitisha kuwa kloroplasti zinafanya kazi: kwenye mwanga, kabonidioksidi ilinaswa haraka takriban mara 60 kuliko gizani. Kisha wakawanyima koa chakula. Wengine waliwekwa kwenye giza totoro, wengine kwenye mwanga lakini pamoja na dawa inayozuia usanisinuru. Ungetarajia wafe mapema, sivyo? Wapi! Waliishi miezi kadhaa, na hawakupungua uzito haraka kuliko wenzao waliopata mwanga bila dawa.

Kumbe kloroplasti ni ghala pia. Utafiti wa mwaka 2025 kuhusu Elysia crispata ulionyesha kuwa kloroplasti hukaa ndani ya vifuko maalumu vya seli za koa, vilivyopewa jina kleptosomu. Njaa ikizidi, kloroplasti zilizo ndani ya vifuko humeng'enywa, na koa hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa.

Basi jua halina kazi? Lina kazi. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa Elysia timida, mazao ya usanisinuru hufika hadi kwenye viungo vya uzazi, na waliopata mwanga wa kutosha walitaga mayai mengi zaidi.

Mfikirie mbuzi wa maziwa. Siku za neema unamkamua. Njaa ikikaza, unamchinja. Kloroplasti kwa koa ziko hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukisikia habari ya "mnyama anayeishi kwa jua", uliza swali moja tu: kuna aliyemjaribu gizani? Kujua kwamba mtambo unafanya kazi ni jambo moja. Kujua kwamba bila huo mwenye nao angekufa ni jambo jingine kabisa, na hilo halijulikani mpaka uuzime.